Kurudisha Yaliyopotea katika Kompyuta

Kila mkulima ajua ya kuwa mahindi ya kula si mahindi ya mbegu. Ya kula hutiwa ghalani. Ya mbegu huchaguliwa yaliyo bora, yakatundikwa juu ya meko ili moshi uyalinde na fukusi. Tena mwenye busara humpa ndugu yake wa kijiji cha pili debe moja amwekee, maana moto uteketezao nyumba moja hauteketezi zote mbili. Jambo hili halihitaji mwalimu, kwa kuwa mama zetu walilijua kabla ya shule kuwapo. Walakini naona ya kuwa yale tuliyoyajua juu ya mbegu tumeyasahau juu ya maandiko yetu, tangu tulipoanza kuyaweka katika kompyuta na simu. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa niandike habari ya yaliyotupata shuleni kwetu, na mambo niliyojifunza juu ya kurudisha kitu kilichopotea.

Mkoa wetu wa Katavi ni mchanga, kwa kuwa ulikatwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Lakini habari zake si changa. Kule Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879, nayo ikakabidhiwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Hapo ndipo alipofanya kazi daktari Adrian Atiman, mtu aliyezaliwa nchi ya mbali, karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani, akakombolewa, akafundishwa uganga kisiwani Malta, akafika Karema mwaka 1889, na kutibu watu miaka mingi hata alipofariki mwaka 1956. Nako Mpanda mjini gari moshi lilifika kwa tawi la reli litokalo Kaliua, lililofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi.

Je, twayajuaje haya? Twayajua kwa kuwa yaliandikwa, na maandiko yake yakawekwa mahali zaidi ya pamoja. Atiman alisimulia maisha yake mwenyewe, na habari hiyo ikapigwa chapa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Nakala moja ikiliwa na mchwa huku, nyingine imo katika maktaba ya mbali. Lakini ni wangapi ambao hawakuandikwa popote! Mchimbaji aliyeshuka shimoni, mbeba mataruma ya reli, mama aliyepika kando ya kambi: habari zao zimo vichwani mwa watu wachache, na vichwa hivyo vyapungua kila mwaka.

Basi mwaka 2021 tulianza shuleni kwetu kuwaendea wazee, mimi na wanafunzi wa chama cha historia. Tulikuwa na kinasa sauti kidogo chenye kadi ya kumbukumbu. Tuliwasikiliza Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Kila sauti tuliitia katika kompyuta ya ofisi, ndani ya folda tuliyoiita Wazee. Katika kompyuta hiyo hiyo yalikuwamo majina ya wanafunzi, alama za mitihani, orodha ya vitabu, na barua zote za shule.

Katika wazee hao alikuwapo mmoja aliyekuwa mtoto reli ilipojengwa. Alituigizia mlio wa nyundo za wafanya kazi zikipiga kwa pamoja, naye akacheka katikati ya maneno yake mwenyewe, kicheko cha mtu aliyeuona utoto wake mbele ya macho. Mzee huyo alifariki mwaka 2023. Mjukuu wake alikuwa mwanafunzi wetu wa kidato cha tatu.

Mwezi wa Februari mwaka 2024, katikati ya majira ya mvua, radi ilipiga usiku wa Jumatano karibu na shule. Asubuhi kompyuta ya ofisi haikuwaka. Tuliipeleka kwa fundi mjini, naye akaifungua, akaipima, akatuambia ya kuwa kipokea umeme chake kimeungua, na diski iliyo ndani imekufa pamoja nacho. Mkuu wa shule aliketi kimya. Walimu wenzangu walisikitikia alama, maana kidato cha nne kilikuwa kimemaliza jaribio la mwezi, na wazazi walikuwa wakingoja taarifa. Mjukuu wa yule mzee alikuja mlangoni pangu saa ya mapumziko, akaniuliza neno moja tu: "Mwalimu, na sauti ya babu?"

Sasa yafaa nieleze jinsi tulivyokuwa tumejiweka. Kazi ya kutunza kompyuta nilikabidhiwa mimi, na desturi yangu ni kunakili folda zote kila Ijumaa jioni katika diski ya nje, yaani diski ndogo ichomekwayo kwa waya. Baada ya kunakili naichomoa, naichukua nyumbani, naitia katika kopo la bati lenye mfuniko. Siiachi imechomekwa, kwa sababu radi ipitayo katika waya wa kompyuta ingepita katika diski nayo, na nakala ingekufa siku moja na mama yake.

Tulipoazima kompyuta ya shule jirani, sikukimbilia kuifungua diski na kuitumia. Nalijua ya kuwa wakati ule ile ndiyo nakala pekee iliyosalia duniani, na kitu kikiwa kimoja tu hakichezewi. Kwanza tulinakili kila kilichomo katika diski nyingine mpya, ndipo tukaiondoa ile ya zamani na kuirudisha koponi. Pili tulihesabu. Kila Ijumaa huandika daftarini idadi ya mafaili na ukubwa wa kila folda, hivyo tuliweza kulinganisha hesabu ya daftari na hesabu ya kioo. Tatu tulifungua, maana faili laweza kuonekana kwa jina lake huku ndani yake limeharibika, kama yai lililooza ambalo ganda lake ni jeupe. Tulifungua machache katika kila folda, na katika folda ya Wazee tulifungua yote.

Tulipofika kwenye sauti ya yule mzee, nilimwita mjukuu wake. Nyundo zikalia, kicheko kikatoka. Kijana alisikiliza hata mwisho, akaomba tumrudishie mwanzo. Hakuna aliyesema neno.

Walakini si yote yaliyorudi. Nakala ilikuwa ya Ijumaa, na radi ilipiga Jumatano. Kazi ya siku zile za katikati haikuwamo. Ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitazamia. Zile alama zilizowahuzunisha wenzangu zilirudi kwa jioni moja, kwa kuwa karatasi za majibu zilikuwa zimefungwa kwa kamba kabatini. Tuligawana, tukaziingiza upya. Majina ya watahiniwa nayo yalikwisha sajiliwa kwa Baraza la Mitihani. Kilichokosekana kabisa ni sauti moja iliyonaswa Jumatatu, ya bibi mmoja mzaliwa wa Karema akaaye sasa kwa mwanawe hapa Mpanda, katika mtaa wa Makanyagio. Alikuwa ametusimulia jinsi mama yake alivyompeleka kwa Atiman akiwa mtoto mwenye homa. Na kadi ya kinasa sauti, kama ilivyokuwa desturi, ilikuwa imekwisha kufutwa ili nafasi ipatikane.

Hapa sharti nieleze maana ya kufuta, kwa kuwa wengi hawaijui. Kompyuta ikifuta faili haikwangui maneno, bali huondoa tu jina lake katika orodha, na kuhesabu nafasi ile kuwa tupu. Ni kama mtu kung'oa kibao cha jina penye shamba: mihogo ingali ardhini, ila sasa yeyote aweza kuambiwa alime hapo. Siku atakapolima mwingine, ndipo mihogo itakapong'olewa kweli. Kwa hiyo mtu aliyefuta kitu kwa bahati mbaya katika kadi au flashi, neno la kwanza ni kuacha kuandika chochote juu yake. Asipige picha nyingine, asinase sauti nyingine. Aichomoe, ampelekee mwenye programu ya kutafuta mafaili yaliyofutwa, naye ayaokoe katika diski nyingine, si katika kadi ile ile. Diski za namna mpya, zisizo na sahani izungukayo, zaweza kujisafisha zenyewe baada ya kufutwa, na katika hizo tumaini ni dogo.

Kadi yetu ilikuwa imetumika mara moja tangu kufutwa, siku ya Jumanne, kunasa midahalo ya wanafunzi. Niliitoa, nikaitafutia programu. Sauti ya bibi ikapatikana nusu. Mwanzo wake ulikuwa umelimwa na midahalo, na mwisho wake ulikuwa mzima.

Basi tulirudi Makanyagio, mimi na wanafunzi wawili. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akatuitikia, "Marahaba, wajukuu zangu." Nilipomweleza ya kuwa maneno yake yamepotea katika mashine, alitucheka sana. Akasema, "Mwalimu, maneno yangu hayakupotea. Yaliyopotea ni yenu. Mimi ningali hapa." Akatusimulia tena. Lakini habari ya mara ya pili haikuwa sawa na ya kwanza. Safari hii alikumbuka harufu ya dawa, akamtaja na dada yake mkubwa, ambaye hatukumsikia kabla. Na jambo alilolisema Jumatatu juu ya njia ya kutoka kijijini kwao hakulisema tena, wala hatukumwuliza, maana hatukutaka kumtia maneno kinywani. Nakala ya mashine hurudisha kile kile, wala haiongezi. Mtu hurudisha kingine, nacho ni cha kweli pia. Vyote viwili vyafaa, ila kimoja hakiwezi kushika mahali pa mwenziwe.

Baada ya hayo nilikaa nikapima. Ofisi iliogopea alama kwa sababu ndizo zinazoulizwa kila siku, lakini ndizo zilizokuwa na pacha wake wa karatasi. Folda ya Wazee haikuulizwa na mtu, nayo ndiyo isiyokuwa na pacha popote. Tangu hapo, ninapotazama faili lolote sijiulizi kama lina heshima kubwa au ndogo. Najiuliza: je, likipotea leo, lipo mahali pengine? Kama lipo, na lingoje zamu yake. Kama halipo, na linakiliwe kabla ya jua kuchwa. Kwa kipimo hicho, picha ya harusi ya mama aliyekwisha kufa, iliyo katika simu moja tu, yaweza kupita barua mia za ofisi.

Wala msidhani ya kuwa misiba hii ni ya shule za pembezoni tu. Mwaka 1998, huko Marekani, watu wa kampuni ya Pixar walikuwa wakitengeneza filamu ya Toy Story 2. Mtu mmoja aliandika amri ya kufuta mahali pasipostahili, na sehemu kubwa ya kazi ya watu wengi ikatoweka mbele ya macho yao. Wakaziendea nakala za akiba, wakakuta zimeharibika bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni mama mmoja, Galyn Susman, ambaye kwa sababu ya mtoto wake mchanga alikuwa akifanya kazi nyumbani, na kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala. Waliiviringisha katika mablanketi, wakaiendesha kwa gari hata ofisini kama mtu abebaye mgonjwa.

Tena usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mfanyakazi wa kampuni ya GitLab, inayowatunzia watu wengi programu zao, alikusudia kufuta folda katika mtambo mmoja, akaifuta katika mtambo mwingine. Alipowahi kuzuia, katika gigabaiti 300 zilikuwa zimesalia 4.5 tu. Kampuni hiyo ilikuwa na njia 5 za kujiwekea akiba, wala hapana hata moja iliyofanya kazi ilivyopasa. Walirudisha kwa nakala iliyochukuliwa yapata saa 6 kabla ya ajali, ambayo mtu aliichukua kwa kazi nyingine, si kwa ajili ya akiba. Na wakatangaza yote mbele ya watu, jambo ambalo nawasifu kwalo. Basi tazameni: katika habari zote mbili hawakukosa nakala. Walikosa kuzijaribu. Ghala lililofungwa miaka miwili bila kufunguliwa, nani atakuambia kama mna mahindi au mna vumbi?

Wengine huniambia, "Sisi tumeweka vyetu katika intaneti, hatuna haja ya diski." Ni vema, nami sikatai. Lakini mambo matatu yafaa yajulikane. La kwanza, njia yaweza kukatika. Tarehe 12 Mei 2024, miezi mitatu baada ya radi yetu, nyaya za EASSy na Seacom zipitazo chini ya bahari zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Mwenye kuhitaji faili siku ile alikuwa kama mtu ambaye chakula chake ki ng'ambo ya mto uliofurika. La pili, kufuta kwaweza kufuatana. Ikiwa simu na intaneti zimefungamanishwa zilingane daima, ukifuta huku na kule hufutika. Hiyo ni kioo, si akiba. Mtu akiondoka mbele ya kioo, sura yake nayo huondoka. Ni kweli ya kuwa Google Drive huweka kilichofutwa katika debe lake la takataka siku 30, lakini baada ya hapo hukiondoa kabisa. La tatu, usiposhika neno la siri, mlango ni wako na ufunguo si wako.

Jambo jingine nalisema kwa ajili ya walimu wanaotumia flashi katika vibanda vya kuchapisha karatasi. Mara nyingi mtu huchomeka flashi yake akakuta folda zote zimegeuka kuwa alama za njia ya mkato, na zikibofywa hazifunguki. Hulia ya kuwa ameibiwa. Mara nyingi hajaibiwa, bali kirusi kimezificha folda na kuweka vinyago mahali pake. Asibofye vinyago, wala asikubali flashi isafishwe upesi. Amwombe mjuzi aiagize kompyuta ionyeshe vilivyofichwa, ahamishe mafaili yake mahali salama, ndipo flashi isafishwe.

Ikiwa kompyuta ni ya namna ya Windows, imo ndani yake programu inayoweza kunakili mafaili yako kila saa katika diski ya nje iliyochomekwa, ikazishika sura za zamani pamoja na za sasa. Hapo mtu aweza kurudi nyuma kama afunuaye kurasa za kalenda, akafika siku ambayo faili lilikuwa zima, akaamuru lirudishwe. Lakini haifanyi kazi mpaka iwashwe, na akiba ya namna hiyo sharti iwe na mwenziwe anayekaa mbali na waya. Tena, kompyuta ikikuuliza kama unataka cha zamani kishike mahali pa kipya, usijibu kwa haraka. Kirudishe katika folda nyingine, ulinganishe, ndipo uchague. Wako waliorudisha faili la mwezi uliopita juu ya kazi ya jana, wakapoteza mara mbili.

Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni rahisi ya kukumbuka: nakala 3, katika vyombo vya namna 2, na nakala 1 iwe mbali na nyumba. Mimi nimeongeza ya nne kwa desturi ya shule yetu: kila mwanzo wa mwezi twachagua faili moja bila kuangalia, twalirudisha kutoka katika akiba, na kulifungua. Kazi hiyo haipiti dakika kumi. Likifunguka, twaandika tarehe daftarini. Lisipofunguka, twajua leo, kabla ya radi.

Tena tumefanya mapatano na ile shule jirani iliyotuazima kompyuta. Kwa kuwa ndani ya diski mna majina na alama za watoto wa watu, na sheria ya mwaka 2022 ya kulinda taarifa za mtu binafsi yatuamuru tuzitunze, kila diski imefungwa kwa neno la siri ambalo wakuu wa shule ndio waliyajuao, kila mmoja la kwake. Mwisho wa kila mwezi dereva wa pikipiki huleta diski yao na kuchukua yetu. Sauti za wazee wao, maana nao wameanza kuwaendea, zimo katika kabati letu. Na kicheko cha yule mzee wa reli kimo katika kabati lao.